Yoga nyumbani: namna familia inavyoweza kujipangia mazoezi yake kwa video za simu



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mashamba, mipaka ya udongo, mabaraza ya wazee na njia za kupatanisha jirani na jirani. Leo tunaomba tuzungumze juu ya mwili. Watu wanaofika kwenye mabaraza yetu wanafika na miili iliyochoka: mgongo unauma, usingizi haupatikani, moyo unadunda kila mlango unapogongwa. Mtu wa namna hiyo ukimwomba akae chini na kuzungumza kwa upole na jirani yake, unamwomba jambo kubwa, kwa sababu mwili wake bado uko katika kukimbia.

Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu wakimbizi wa ndani zaidi ya milioni 7 katika Kongo, na wengi wao walikuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri. Wengi wao hawakuwa kambini bali katika familia za kupokea. Mwanzoni mwa mwaka 2025 makambi makubwa ya pembeni ya Goma yalivunjwa, na jamaa nyingi zikatawanyika tena: wengine wakarudi vijijini, wengine wakaingia kwa ndugu na marafiki. Mafunzo yaliyotolewa chini ya hema moja kubwa hayawafuati watu hao. Simu inawafuata. Ndiyo maana tumeona vema kueleza namna familia inavyoweza kufanya yoga nyumbani, kwa msaada wa video fupi ambazo kila mtu anazipanga kulingana na hali yake.

YOGA NI NINI?

Yoga ni mazoezi ya mwili, ya pumzi na ya kutuliza mawazo yaliyotoka India tangu zamani sana. Leo yanafanywa katika nchi nyingi. Mwezi wa 12 mwaka 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba tarehe 21 mwezi wa 6 iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO iliandika yoga ya India katika orodha ya urithi wa wanadamu. Hapa jirani, katika jiji la Nairobi, vijana wa mitaa ya watu maskini wamekuwa wakifundishwa kuwa walimu wa yoga.

Wengine wakisikia neno hilo wanafikiri ni kujikunja kama nyoka, au kuwekesha kichwa chini na miguu juu. Kwa familia iliyochoka, yoga ni jambo dogo zaidi: kusimama vizuri, kunyoosha mgongo, kulegeza mabega, kupumua polepole, na kuusikiliza mwili wako bila kuulazimisha. Hakuna kinachohitajika isipokuwa mkeka au kikwembe kilichokunjwa, na nafasi ambayo mtu mmoja anaweza kulala.

KWA NINI MWILI UNAENDELEA KUOGOPA?

Hatari inapotokea, mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Moyo unapiga haraka, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linaacha kazi yake. Hayo ni mambo mema. Ndiyo yaliyotuwezesha kubeba watoto na kutembea usiku kucha.

Shida ni kwamba kwa wengi wetu hali hiyo haikuzimika. Hatari imepungua, lakini mwili haujapata habari. Sauti ya bati linaloanguka inatosha kumrusha mtu kutoka usingizini. Baba anampiga mtoto kwa sababu ya kikombe kilichomwagika, kisha anajuta. Mama anasahau alichotumwa sokoni. Si wazimu, wala si udhaifu wa imani. Ni mwili uliozoea kulinda zamu na haukumbuki namna ya kuiacha.

Hatuwezi kuuamuru moyo upige polepole. Lakini pumzi tunaweza kuiongoza. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoitwa vagasi, unaotoka kwenye ubongo na kufika kwenye moyo, mapafu na tumbo. Tunapotoa pumzi polepole na kwa muda mrefu, mshipa huo unausaidia moyo kupunguza mwendo. Kwa hiyo pumzi ni kama mlango mdogo ambao kwa huo tunaweza kuingia na kuuambia mwili: kwa sasa uko salama, pumzika.

JE, INASAIDIA KWELI?

Tusidanganyane: kunyoosha mgongo hakumalizi vita, hakuleti chakula, wala hakumrudishii mtu shamba lake. Mtu akikuambia kwamba yoga inaponya kila ugonjwa, usimsadiki. Lakini kuna mambo yaliyochunguzwa.

Mwaka 2014 daktari Bessel van der Kolk na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wanawake 64 waliobeba majeraha ya moyo kwa miaka mingi, na ambao matibabu mengine hayakuwafaa vya kutosha. Nusu yao walifanya yoga ya upole, saa 1 kila juma, kwa majuma 10. Nusu nyingine walipata mafundisho ya afya tu. Mwishoni, katika kikundi cha yoga wanawake 16 kati ya 31 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kikundi kingine walikuwa 6 kati ya 29. Mnaona kwamba wengi walisaidika, lakini si wote.

Mfano mwingine uko karibu nasi. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini, karibu 700, walishiriki katika uchunguzi wa njia iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Wale waliofundishwa walikaa katika vikundi vya watu 20 hadi 30, wakasikiliza sauti zilizorekodiwa katika lugha yao, mara 5, wakajizoeza kupumua, kutuliza mawazo na kujirudisha mahali walipo. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kawaida waliopata mafunzo mafupi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: baada ya miezi 3 dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakufuata mafundisho hayo. Haikuwa yoga kamili, lakini inatuonyesha kwamba sauti iliyorekodiwa vizuri, katika lugha ya watu, inaweza kusaidia mahali ambapo wataalamu ni wachache.

VIDEO ZA KUJIPANGIA NI ZIPI?

Video ya kawaida inaanza na kumalizika kama mwalimu alivyotaka. Ikiwa ni ya dakika 45, na wewe una dakika 10 kabla ya kwenda kuteka maji, haikufai. Ikiwa mwalimu anaruka na wewe una mimba ya miezi 7, inaweza kukuumiza.

Video za kujipangia ni tofauti. Kuna programu za simu zinazokuuliza kwanza: una dakika ngapi? Umeanza leo au umezoea? Unataka kushughulikia mgongo, mabega au usingizi? Kisha zinakupangia somo. Nyingi ziko katika Kiingereza au Kifaransa na zinahitaji mega nyingi. Lakini wazo lenyewe tunaweza kulifanya sisi wenyewe, bila intaneti ya kila siku, kwa njia hii:

1. Mtu mmoja mwenye kujua, au aliyefundishwa na mshauri wa shirika, anarekodi vipande vifupi vya dakika 2 hadi 4. Kila kipande kina zoezi moja tu.
2. Kila kipande kinapewa namba na jina katika lugha ya watu: Kiswahili, Kinande, Mashi, Kihunde, Kinyarwanda, Kilendu au nyingine.
3. Vipande vinawekwa kwenye karti memori, na kupitishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, bila kulipa mega.
4. Kila familia inachagua vipande vyake na kuvipanga kama inavyotaka.

Asiye na simu ya picha anaweza kutumia sauti peke yake kwenye simu ndogo yenye redio na karti. Sauti ina faida yake: inakula moto kidogo wa batri, na mtu hahitaji kuangalia kioo.

VIPANDE NANE VYA KUANZIA

Namba 1. Miguu ardhini. Kaa au simama. Sukuma nyayo zako chini. Taja kimoyomoyo vitu 3 unavyoviona na sauti 2 unazozisikia. Huku ni kuuonyesha mwili kwamba uko hapa, leo.

Namba 2. Pumzi ndefu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Rudia mara 10. Usiizuie pumzi ndani. Kizunguzungu kikija, pumua kama kawaida.

Namba 3. Mabega. Yapandishe hadi masikioni, kisha yaachie. Mara 5. Halafu yazungushe nyuma polepole.

Namba 4. Mlima. Simama wima, miguu mbali kidogo, mikono ikining'inia. Pandisha mikono ukivuta pumzi, ishushe ukiitoa.

Namba 5. Paka na ng'ombe. Piga magoti na kuweka mikono chini. Inua mgongo kama paka aliyeshituka, kisha ushushe taratibu. Hili linawafaa sana wanaobeba bidoni na mizigo ya makala kwa kamba ya kichwani.

Namba 6. Kuzunguka ukiwa umekaa. Kaa kwenye kiti au bidoni iliyojaa, geuza kifua kuume, ngoja pumzi 3, kisha kushoto.

Namba 7. Miguu juu. Vitabu vinasema weka miguu ukutani, lakini ukuta wa turubai hauwezi kubeba miguu ya mtu. Lala chali, weka miguu kuanzia magoti juu ya kiti au furushi la nguo. Dakika 3 zinatosha.

Namba 8. Kupumzika. Lala chali au kwa ubavu, au ukae ukiegemea. Macho yafumbwe au yabaki wazi, kama unavyopenda. Ukitaka kuuangalia mlango, geukia mlango.

NAMNA YA KUPANGA SOMO

Kanuni ni nyepesi: anza na 1 na 2, maliza na 8, na katikati weka unachohitaji. Tuchukue mifano mitatu.

Mama aliyetoka shambani au kuteka maji, mwenye dakika 12: achague 1, 2, 3, 5, 8. Mgongo na shingo ndivyo vilivyobeba siku nzima.

Baba au kijana asiyepata usingizi: afanye 2, 6, 7, kisha 2 tena akiwa amelala. Simu aiweke mbali na macho na kusikiliza sauti tu, kwa maana mwanga wa kioo unafukuza usingizi.

Watoto: wasilazimishwe kunyamaza. Wape 4 na 5 kama mchezo, mmoja akilia kama paka na mwingine kama ng'ombe, na pumzi 5 tu mwishoni. Mtoto anayecheka tayari ameanza kupumua vizuri.

Dakika 10 kila siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi. Kama nyumba ni ya chumba kimoja na familia mbili zimo, kubalianeni saa: labda alfajiri kwa akina mama, jioni kwa vijana. Makubaliano hayo madogo ni sehemu ya amani pia.

MAMBO YA KUANGALIA

Mtu ndiye anayeamuru mwili wake. Wengi wetu tumefanyiwa mambo bila kuulizwa. Kwa hiyo sauti ya video isiseme "fumba macho!" bali "ukipenda, fumba macho". Asiyetaka zoezi fulani aliache bila kueleza sababu. Kwa mtu aliyebakwa, kulala chali au kuinama kwa magoti na mikono kunaweza kurudisha mambo mabaya mbele ya macho. Afanye akiwa amekaa, au aache. Kiongozi asimguse mtu ili kumnyoosha, hata kwa nia njema.

Kumbukumbu mbaya zikija, simamisha video. Fungua macho, sukuma nyayo chini, taja jina lako na mahali ulipo, kunywa maji, zungumza na mtu unayemwamini.

Mwenye mimba asilale kwa tumbo, na katika miezi ya mwisho asikae chali kwa muda mrefu. Mwenye presha ya damu asiinamishe kichwa chini ya moyo. Aliyepasuliwa, hasa mama aliyetengenezwa fistula, amuulize munganga kwanza. Mwenye homa aende kituo cha afya na kupumzika. Aliyeshinda na njaa afanye namba 1 na 2 tu akiwa amekaa. Asitumie nguvu asiyo nayo.

Tena tunasema kwa nguvu: aliyebakwa asianze na video. Aende kituo cha afya mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na dawa ya kuzuia mimba, ambayo inaweza kutolewa hadi saa 120. Hata saa hizo zikiwa zimepita, aende; matibabu mengine yapo. Yoga inaweza kuja baadaye. Vilevile anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayewaza kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa munganga au mshauri siku hiyohiyo.

WAJIBU WA VIONGOZI

Prezida wa kambi, shefu wa avenue, mchungaji, imamu, mama kiongozi: kazi yenu hapa ni kubwa, ingawa si lazima mjue mazoezi yote.

Kwanza, ulizeni watu wenu. Mahali pengine wanawake watapenda kuwa peke yao, tena na msichana mlinzi mlangoni. Heshimuni hilo.

Pili, msipige picha wala video za watu wanaofanya mazoezi. Video ya mafundisho iwe ya mwalimu mmoja aliyekubali, bila kuonyesha mahali, alama za kambi wala nyuso za wengine. Simu inaweza kunyang'anywa au kufunguliwa kwenye kizuizi cha barabara, na uso wa mtu aliyekimbia unaweza kumletea hatari.

Tatu, mazoezi yasiwe sharti la kupata msaada. Asionekane mtu anayenyoosha mikono ili aandikwe kwenye liste ya unga.

Nne, yatumieni katika baraza. Kabla ya kuanza kesi ya robine au ya mgawanyo wa maturubai, ombeni watu wote wakae, waweke miguu chini, na kupumua mara 10 pamoja, pande zote mbili. Hasira hasara, wahenga walisema. Dakika hizo 2 hazimalizi kesi, lakini neno la kwanza litakalosemwa huenda likawa la mtu aliyetulia. Na ninyi viongozi muanze na nafsi zenu, kwa maana mnabeba vilio vya wengi na hakuna anayewauliza mmelalaje.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, yoga ni dini? Ilizaliwa katika nchi ambako iliandamana na mambo ya dini, na huko wengi wanaifanya hivyo mpaka leo. Lakini vipande tulivyoeleza havina sala, sanamu wala maneno ya kuabudu. Ni kunyoosha na kupumua. Kama jina linaleta wasiwasi, semeni "mazoezi ya pumzi na mgongo". Na kama mchungaji au imamu wenu ana shaka, mwonyesheni vipande vyote kabla ya kuvigawa. Mambo yaliyofichwa ndiyo yanayoleta uvumi.

Je, wanaume nao? Ndiyo. Mara nyingi mwanamume anaambiwa avumilie, na uvumilivu huo unatokea nyumbani kama ngumi. Mwanamume anayejua kutoka nje, kuweka miguu chini na kupumua mara 10 kabla ya kujibu ameilinda familia yake.

Je, nitaona badiliko lini? Pumzi inaweza kukusaidia leo. Usingizi na maumivu ya mgongo vinahitaji majuma. Ikiwa baada ya majuma machache unaona hali inazidi kuwa mbaya, acha na utafute msaada.

KWA KUMALIZA

Wapendwa, vita vimetuondolea nyumba, mashamba, na wengine watu wetu. Kuna vitu ambavyo tumevibeba bila kujua kila tulipohama: miguu hii, mgongo huu, pumzi hii. Tuvitunze, kwa kuwa ndivyo vitakavyoturudisha nyumbani siku njia itakapofunguka, na ndivyo tutakavyokaa navyo siku ya kuzungumza na wale tuliokosana nao.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, iteni watoto. Wekeni miguu chini. Vuteni pumzi hadi 4, itoeni hadi 6. Mkimaliza mara 10, mtakuwa mmeanza.